Nani ashike ufunguo wa sanduku la sadaka?

Juma lililopita tulipokea barua ndefu kutoka kwa ndugu yetu mmoja, Mtanzania akaaye katika mji mmoja wa Marekani. Yeye ni mweka hazina wa jumuiya ya Wakatoliki wasemao Kiswahili, ambao kila mwezi huchanga fedha za kuezekea zahanati ya parokia moja huku nyumbani. Jina lake hatulitaji, wala la parokia hiyo, kwa kuwa yeye mwenyewe ametuomba hivyo. Baada ya kueleza kisa chake chote amemaliza kwa swali fupi: "Padre Mhariri, je, nimekosa?"

Swali hilo lastahili jibu kamili kuliko lile ambalo lingetosha kwa barua ya faragha, maana lililompata yeye leo litawapata kesho wengi wa waweka hazina wetu. Basi na tulitazame pamoja kama somo.

Michango ya jumuiya hiyo hupita katika huduma ya malipo iitwayo Stripe, iliyoanzishwa na ndugu wawili wa Ireland, Patrick na John Collison, na kufunguliwa kwa watu wote mwaka 2011. Mtoaji huandika namba ya kadi yake ya benki katika ukurasa wa jumuiya. Huduma hutoa fedha kwake, hukata makato yake, na baada ya siku chache huingiza zilizobaki katika akaunti ya jumuiya. Mwezi ule watu 64 walitoa, kila mmoja dola 50. Kijana mmoja wa jumuiya, mwenye nia njema na mjuzi wa kompyuta, akamwambia mzee, "Kwa nini uchoshe macho yako usiku? Tumwunganishe msaidizi wa akili mnemba na daftari la malipo, umwulize, naye akujibu." Wakafanya hivyo. Mzee akauliza: mwezi huu tumepata kiasi gani? Msaidizi akajibu pasipo kusita: dola 50,000.

Mzee alicheka, asema, hata machozi yakamtoka. Alicheka kwa kuwa aliwajua watu wake. Lakini mtu asiyewajua, kwa mfano karani wa ofisi kubwa anayeshika hesabu za parokia mia, angaliiandika namba ile katika kitabu na kuendelea.

Tuone namba ile ilitoka wapi, maana haikutoka hewani. Kwanza, Stripe huandika kila kiasi kwa kipimo kidogo kabisa cha fedha ihusikayo. Dola huandikwa kwa senti. Kwa hiyo dola 50 huonekana daftarini kama 5000. Fedha zisizo na senti, kama faranga ya Rwanda, huandikwa kama zilivyo. Asiyeijua kanuni hiyo atasoma elfu tano mahali pa hamsini. Pili, daftari lile halifunguki lote kwa mara moja. Aombaye orodha ya malipo bila kutaja idadi hupewa malipo 10 ya karibuni tu, na hata akitaja idadi hapewi zaidi ya 100 kwa mara moja. Yampasa kuomba ukurasa wa pili, na wa tatu, mpaka mwisho. Msaidizi alisoma kumi wa kwanza, akajumlisha elfu tano mara kumi, akatoa jibu. Makosa mawili yalikuwa yamekaa ndani ya namba moja, wala sauti yake haikutetemeka.

Kijana alimsahihisha. Safari ya pili msaidizi alisema dola 500, kwa kuwa sasa senti alizijua ila kurasa hakuzijua. Safari ya tatu alifungua kurasa zote, akasema dola 3,200. Hiyo ndiyo kweli, sitini na nne mara hamsini. Mzee akafurahi, akaiandika, na Jumapili baada ya Misa akaisoma mbele ya watu.

Hapo ndipo msiba ulipoanza. Mwanajumuiya mmoja alisimama akiwa na karatasi ya benki mkononi. Karatasi ilisema dola 3,088. "Mzee," akauliza, "dola 112 ziko wapi?" Mzee hakuwa na jibu. Akasema atauliza. Kwa muda wa majuma mawili watu walinong'ona, na katika jumuiya ndogo ya wageni ugenini, ambako kila mmoja amjua mwenzake, mnong'ono ni mzigo mzito kuliko mashitaka. Mtu aliyelibeba sanduku la wenzake miaka tisa bila lawama alianza kuona macho yakimfuata.

Wasomaji wapenzi, hakuna senti iliyopotea. Bei ya kawaida ya Stripe kwa kadi za Marekani ni sehemu 2.9 katika mia pamoja na senti 30 kwa kila malipo. Kwa dola 50 hiyo ni dola moja na senti 75. Zidisheni mara 64, mtapata dola 112 kamili. Msaidizi hakukosea safari ya tatu. Aliulizwa watu wametoa kiasi gani, naye akajibu watu wametoa kiasi gani. Hakuulizwa benki imepokea kiasi gani. Mwalimu wa hesabu wa darasa la sita angaliutatua ugomvi huo kwa chaki. Lakini mzee hakuweza, kwa sababu namba aliyoisoma hakuihesabu yeye. Alisimama mbele ya watu na namba asiyoijua ilikotoka.

Hilo ndilo jambo tunalotaka wasomaji walishike kabla ya kwenda mbele. Hesabu ya mali ya Kanisa si namba tu. Ni namba pamoja na mtu awezaye kuieleza.

Tusidhani kwamba matatizo haya ni mapya kabisa. Mtume Paulo naye alikuwa na mchango wake wa ng'ambo. Wakristo wa Makedonia na wa Akaya walichanga kwa ajili ya ndugu zao maskini wa Yerusalemu, na fedha hiyo ilipaswa kusafiri mbali. Someni sura ya nane ya Waraka wa Pili kwa Wakorinto. Mtu yule aliyepigwa mawe na kufungwa gerezani kwa ajili ya Injili hakuona haya kueleza kwa nini hakuibeba fedha peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe, asije akapatikana mtu wa kumshuku. Dhamiri safi mbele ya Mungu haikumtosha. Alitaka na watu waone. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yafuata njia iyo hiyo. Kanuni 1284 yamtaka msimamizi wa mali awe na bidii ya baba mwema wa nyumba na kuweka vitabu vya mapato na matumizi kwa utaratibu. Kanuni 1287 yataka waamini wapewe hesabu ya mali waliyoitoa. Na kanuni 1267 yafunga kila sadaka kwa kusudi lile iliyotolewa kwalo. Yote matatu humtazama mtu, wala si chombo.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe. Kwa wasomaji wasiopata kukitumia, msaidizi wa akili mnemba ni programu iliyofunzwa kwa maandishi mengi mno, hata yaweza kujibu kwa maneno kama ya mtu. ChatGPT na Claude ni za jamaa hiyo. Kwa asili yake programu hiyo hujua yale iliyofunzwa na yale mtu anayoyaandika mbele yake. Daftari la jumuiya hailioni, wala akaunti ya benki, mpaka ifunguliwe mlango. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitoa kanuni za wazi za kujenga milango hiyo, ziitwazo Model Context Protocol, na wengine wakazifuata upesi. Katika mwaka 2025 PayPal na Stripe zote mbili zilikuwa na mlango wa namna hiyo. Mlango humwambia msaidizi: hapa zipo kazi hizi na hizi, waweza kusoma orodha ya malipo, kumtafuta mtoaji, kutengeneza hati ya kudai fedha, kumrudishia mtu fedha zake. Msaidizi huchagua kazi, mlango huitekeleza, na majibu humrudia. Ndiyo yote. Hakuna uchawi ndani yake, wala hakuna uwakili.

Na kila mlango una ufunguo. Hapa ndipo kijana wetu alipokosa zaidi kuliko katika hesabu. Stripe hutoa funguo za namna mbalimbali. Upo ufunguo wa siri, ambao aushikaye aweza kufanya karibu kila kitu katika akaunti. Upo ufunguo wenye mipaka, ambao mwenye akaunti huamua mwenyewe: hapa msomaji asome tu, hapa aandike, hapa asiguse kabisa. Tena upo ufunguo wa majaribio, ambao hufungua daftari la mfano lisilo na fedha za kweli, nao ndio ungalipaswa kutumiwa kwanza kwa majuma kadhaa. Makosa ya senti na ya kurasa yangalionekana yote pasipo kumfedhehesha mtu. Kijana hakuchagua. Aliuchukua ufunguo wa siri, akaubandika katika mazungumzo na msaidizi, kama mtu aandikaye namba yake ya siri ya benki kwenye ukuta wa duka. Yeye alitaka kusoma tu. Lakini ufunguo haujui mtu alitaka nini. Hufungua kila unachoweza kufungua. Sisi tukimtuma mtumishi wa altare kuleta chetezo, hatumpi na ufunguo wa tabernakulo, si kwa kuwa ni mtoto mbaya, bali kwa kuwa hakutumwa huko.

Mtu atasema, "Msaidizi hawezi kurudisha fedha asipoamriwa." Ndiyo, lakini aamriwe na nani? Hilo ni jambo ambalo wengi hawalijui, nasi tuliposoma habari zake tulistaajabu. Msaidizi hupokea maneno ya bwana wake na maneno ya daftari kwa sikio moja. Hana ukuta imara wa kutenga amri na habari. Mtoaji awezaye kuandika ujumbe mfupi pamoja na sadaka yake aweza kuandika pia amri. Tuseme mtu mwovu anatoa dola moja, na katika nafasi ya ujumbe anaandika kwamba msaidizi asomaye maneno hayo awarudishie fedha watoaji wote wa mwezi huu, au apeleke majina yao na anwani zao mahali fulani. Mara nyingi msaidizi ataitambua hila hiyo na kuikataa. Lakini mara nyingi si kila mara, na mweka hazina haishi kwa mara nyingi. Mtaalamu wa programu Simon Willison, Mwingereza aliyeipa hila hii jina lake mwaka 2022, alionya tena mwaka 2025 kwamba hatari huwa kubwa mambo matatu yanapokutana: msaidizi kuona siri za watu, kusoma maneno yaliyoandikwa na mtu asiyejulikana, na kuwa na njia ya kupeleka habari nje. Daftari la michango huleta mawili ya kwanza tayari. La tatu tusimpe. Stripe yenyewe katika maelezo yake huwashauri watumiaji wa mlango huo wawe na mtu wa kuthibitisha kila kazi kabla haijatendeka, na wawe na hadhari wanapouchanganya mlango huo na mingine. Ushauri huo ni mwema, ingawa wengi huupita kama wapitavyo tangazo la mbio za baiskeli.

Hata hivyo hayo yote hayakumwogofya mzee kama jambo lililompata usiku wa kuamkia Jumapili ile. Alikuwa amemwomba msaidizi amwandalie taarifa ya kusoma kanisani. Taarifa ilikuja, safi, yenye vichwa vya habari. Na chini yake, pasipo kuombwa, msaidizi alikuwa ameongeza sehemu aliyoiita maombi ya wachangiaji. Katika ukurasa wa michango pana nafasi ya ujumbe, na watu, kama ilivyo desturi yetu, walikuwa wameandika humo nia zao. Mama mmoja aliomba Misa kwa ajili ya mwanawe aliye gerezani. Mwingine aliomba tumwombee mtoto aliyezaliwa amekufa. Mume mmoja aliomba sala kwa ajili ya ndoa yake, akieleza kisa. Yote yalipangwa vizuri, pamoja na majina, tayari kusomwa mbele ya watu mia. Mzee aliifuta sehemu ile kwa mkono unaotetemeka, akakaa kitandani mpaka usiku wa manane.

Hapa na tusimame kidogo. Maneno yale si siri ya kitubio, maana hayakusemwa katika sakramenti. Lakini ni amana. Mama yule hakumwandikia mweka hazina, wala kampuni ya malipo, wala mashine. Alimwandikia Mungu kwa njia ya Kanisa, na nafasi ile ya ujumbe ilikuwa ndiyo tundu la sanduku lililo karibu naye. Kanuni 220 yalinda jina jema la kila mtu na haki yake ya faragha. Kanuni 958 yamwamuru paroko awe na kitabu maalumu cha nia za Misa, chenye idadi, nia, sadaka na utimizaji wake. Kitabu hicho hukaa mahali pake, na ye yote aliyewahi kukishika ajua kwamba hakiachwi wazi mezani wageni wanapoingia.

Nimesikia watu wakijibu kwamba mashine haisengenyi. Ni kweli, haina ulimi. Lakini maneno ayasomayo msaidizi hayabaki chumbani mwa mzee; huenda katika kompyuta za kampuni iliyomtengeneza, na kuhifadhiwa huko kwa masharti ambayo wachache wetu huyasoma, na huduma nyingine huyatumia mazungumzo ya watu kuifunza programu zaidi, isipokuwa mtumiaji akatae. Tena kama tulivyoona, mashine haisengenyi, lakini haijui pia kunyamaza. Katekista ye yote aliyekomaa angalijua, pasipo kuambiwa, kwamba habari ya ndoa ya mtu haisomwi kanisani. Msaidizi hakuwa na ubaya moyoni, kwa kuwa moyo hana. Baba Mtakatifu Fransisko alilisema jambo hilo Juni 14, 2024 mbele ya wakuu wa mataifa ya G7 huko Borgo Egnazia, Italia, alipotofautisha uchaguzi wa mashine na uamuzi wa mtu. Na hati ya Vatikano iitwayo Antiqua et Nova, ya Januari 28, 2025, yashikilia kwamba wajibu wa mambo yatendwayo kwa akili mnemba hukaa juu ya watu.

Je, ufunguo wenye mipaka ungaliyalinda maneno yale? Yatupasa kusema ukweli: si yote. Ufunguo huo waweza kumzuia msaidizi asirudishe fedha, na kumzuia asione orodha ya watoaji. Lakini akiruhusiwa kusoma malipo, hupata na yale yaliyoandikwa pamoja na malipo. Hakuna kufuli dogo la kufunga nafasi ya ujumbe peke yake. Kwa hiyo dawa haipatikani katika ufunguo. Yapatikana kabla yake. Nia za Misa zisikusanywe katika ukurasa wa malipo. Ukurasa uulize kiasi na kusudi tu, na nia ziandikwe kwingine, zifike kwa padre. Na penye daftari la zamani ambalo maneno yamekwisha kuingia, mweka hazina aweza kupakua orodha kama jedwali, akachagua safu za tarehe, kiasi, makato na salio, akaziacha za majina, anwani na ujumbe, kisha akampa msaidizi jedwali hilo lililopunguzwa. Hapo hahitajiwi ufunguo wo wote. Sisi kwa maoni yetu, kwa malipo 64 kwa mwezi, jedwali latosha kabisa, na hata penseli yatosha. Milango na funguo ni kwa ofisi zenye maelfu ya malipo na mtu aliyesomea kuzilinda.

Tusifikiri pia kwamba tunawakataza watu chombo chenye faida. Jedwali lile msaidizi aweza kulipanga kwa miezi, kuonyesha malipo yaliyoandikwa mara mbili, kutafuta tofauti kati ya michango na taarifa ya benki, hata kuandika kwa Kiswahili safi maelezo ya makato ambayo mzee angaliyahitaji Jumapili ile. Aweza pia kukumbusha mambo ambayo macho hupita. Kwa mfano, saa za daftari huandikwa kwa saa za ulimwengu, si kwa saa za mahali. Mtu wa Chicago atoaye sadaka saa mbili usiku wa Desemba 31 huandikwa saa nane usiku wa Januari 1, na mchango wake waangukia mwaka mwingine. Kwa Marekani, ambako watoaji huonyesha sadaka zao katika hesabu za kodi za mwaka, hilo si jambo dogo. Huku kwetu kosa huenda upande wa pili: mtu wa Dar es Salaam atoaye saa saba usiku, mwaka mpya ukiwa umekwisha kuingia, huandikwa katika mwaka wa jana.

Na huku kwetu jambo lenyewe halipo mbali. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008, na leo parokia nyingi hupokea zaka na michango kwa simu. Tangu mwaka 2017 Safaricom imekuwa na mlango wake, uitwao Daraja, ambao programu za nje hupitia kuzungumza na M-Pesa. Vijana wetu wenye ujuzi watakuja katika ofisi za parokia, nao watakuja kwa upendo, wakisema maneno yale yale: kwa nini uchoshe macho yako? Paroko asiwafukuze. Awaulize maswali matatu: ufunguo huu wafungua nini, nani ataona majina ya watu, na nani atasimama kuieleza namba. Tena awakumbushe kwamba Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Majina ya watoaji ni taarifa binafsi mbele ya serikali, kama yalivyo amana mbele ya Mungu.

Sasa tumjibu ndugu yetu. Umeuliza kama umekosa. Katika fedha hukukosa. Zote zipo, na hesabu tumeifanya hapa mbele ya wasomaji wote. Umekosa busara katika ufunguo, nawe hukuwa peke yako. Basi fanya hivi. Leo hii, kabla hujalala, mwambie kijana aubatilishe ufunguo ule katika akaunti ya Stripe na kutoa mwingine. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na ufunguo uliokwisha kuandikwa katika mazungumzo usihesabiwe tena kuwa siri. Futeni mazungumzo yenye majina na nia za watu. Iondoeni nafasi ya ujumbe katika ukurasa wa michango, na nia zilizokwisha kuandikwa zikabidhiwe padre wenu, aziandike kitabuni mwake, na Misa zile ziadhimishwe. Kijana usimkemee mbele za watu, atahitajiwa.

Kisha pakua jedwali la mwezi ule, uketi nalo mezani pamoja na watu wawili waliochaguliwa na jumuiya. Hesabuni kwa mkono malipo yote 64, na makato ya kila moja, mpaka mfike dola 3,088. Mkipenda, msaidizi naye ahesabu pembeni, mwone kama anakubaliana nanyi. Jumapili ifuatayo wote watatu mtie sahihi na mbandike karatasi hiyo mlangoni mwa kanisa. Na yule ndugu aliyesimama na karatasi ya benki, tafadhali awe mmoja wa hao wawili.